Chuma Kilichonyooshwa

Kiwandani walimwita Nukta, na jina hilo alilichuma kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka thelathini na saba, kila alipoletewa kipande cha chuma akikague, alikigeuza huku na huku, akafumba jicho moja, akasema, "Bado nukta." Mafundi waliokuwa chini yake walimchukia kwa hilo, na wakubwa waliokuwa juu yake wakampa cheti. Siku alipostaafu alirudi nyumbani kwa baba yake na cheti hicho, sanduku la vifaa, na donge la kooni ambalo hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Donge lenyewe ni hili: baba yake hakuwahi hata siku moja kumwambia "kazi nzuri."

Mwanamume aliyekwisha kuota mvi kulilia neno la baba ni jambo la kuchekesha, na Nukta angekuwa wa kwanza kucheka kama lingekuwa la mwenzake. Lakini lilikuwa lake, na lilikuwa na historia ndefu.

Baba alikuwa mkerezaji. Mbao ikizungushwa na mashine, yeye huiegemezea patasi, na kile kilichoingia na pembe nne hutoka na mviringo: miguu ya vitanda, miguu ya viti, nguzo za ngazi, vipini vya kila aina. Mtaa mzima ulimwita Fundi Miguu. Kuna mama mmoja mgeni aliyewahi kumletea mtoto aliyeteguka kifundo, kwa kusikia tu hilo jina. Mzee alimpapasa mtoto, akasema yeye hushughulika na ya mbao peke yake, ila wakikosa tiba kabisa warudi, mbao haimtupi mtu.

Utani huo ulikuwa wa wateja. Mwanawe hakuuonja sana. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, Nukta aliweka patasi mezani akasema kazi ya mbao ni kubahatisha, leo imenyooka kesho imepinda, yeye anakwenda kwenye chuma. Baba alipangusa mikono, akasema, "Nenda." Hapakuwa na ugomvi wala laana. Afadhali pangekuwa na laana, mtu akajua pa kushika.

Tangu siku ile, kila alichotengeneza kiwandani na kukileta nyumbani kilipewa neno moja. Bawaba za geti: "Zinafaa." Bomba la uani: "Linafaa." Mwaka mmoja alimtengenezea baba sindano mpya ya ile mashine ya kukereza, ile ncha ya chuma inayobana mbao upande wa nyuma, na aliichonga akaisugua mpaka ungeitazama siku nzima usione kosa. Mzee akaipapasa, akaifunga mahali pake, akasema, "Inafaa." Juma lile lile Nukta alimsikia akimwambia dada yake, ambaye alikuwa amenoa patasi mbili tu, "Kazi nzuri, mama." Kazi nzuri, kwa kunoa! Nukta alitabasamu mbele ya watu, na moyoni akaweka kinyongo ambacho hakukitoa tena.

Sasa amerudi. Mama alikwisha kufa, na baba alikwisha kupofuka; presha ya macho ilimla mwanga kidogo kidogo mpaka ukaisha. Nyumba ilishikwa na dada yake mdogo, mjane, mshonaji wa sare za shule, ambaye cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha ili aweze kumwona mzee barazani huku akishona. Nyuma ya nyumba lilikuwa banda la mabati, na ndani ya banda, chini ya turubai, ile mashine. Haikuwa imezunguka kwa miaka minne.

Nukta hakuona la kuuliza. Mzee haoni, mashine imesimama, hesabu imekwisha. Alinyanyua turubai, akaona kutu nyekundu imelala juu ya chuma, puli imekwama, mkanda umekatika, mota inanuka kuungua. Badala ya kusikitika, moyo ulimruka kwa furaha. Hapa sasa pana chuma. Hapa hatimaye baba na yeye wako upande mmoja wa ukuta, na upande huo ni wake.

"Nitaifufua ile mashine," alitangaza barazani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya bakora. "Utaweza?"

"Baba, ile ni chuma."

"Haya." Lakini vidole vyake vilianza kucheza juu ya bakora, na Nukta akaviona.

"Ila nina sharti. Sitaki mtu bandani mpaka nimalize."

"Hata mwenye mashine?"

"Hasa mwenye mashine."

Mzee akacheka, cheko fupi la pua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na dada mtu alinyanyua uso kwenye cherehani kusikiliza.

Kazi ilichukua majuma saba. Mtu akitaka kumsema Nukta kwa mengine na amseme, lakini kwa kazi asimguse. Aliifungua mashine yote, skrubu kwa skrubu, akapanga vipande juu ya magunia kama mtu anayeanika nafaka. Vilivyogandana alivilaza kwenye dizeli siku tatu, akavigonga kwa nyundo ya mbao, polepole, bila hasira. Kutu ya kitandani, yaani zile reli mbili ndefu zinazobeba kila kitu, aliitoa kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, kisha kwa msasa laini zaidi, mpaka chuma kikawa na rangi ya mawingu. Mota aliipeleka kwa msukaji wa waya, akasimama juu ya kichwa chake siku nzima, mpaka yule bwana akamwambia, "Mzee mwenzangu, kama unajua kusuka, kaa hapa mimi nikanywe chai." Beringi alizibadilisha. Puli aliisawazisha. Mwili wote akaupaka rangi ya kijani, mikono mitatu.

Juma la tano akafika kwenye chuma cha kuegemezea.

Ni kipande kisicho na mbwembwe: upau wa chuma, urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, unaokaa mbele ya mbao inayozunguka. Patasi huegemea hapo, na mkono wa kushoto huteleza juu yake. Nukta alikishika, akaona mambo mawili. La kwanza, kipande hiki peke yake hakikuwa na kutu. Mashine nzima imeliwa, hiki kimepakwa mafuta, tena mafuta mapya, na kimefungwa kwa kitambaa safi cha sare ya shule. La pili, ukingo wake ulikuwa umejaa vishimo. Alivihesabu, kumi na kimoja. Vingine vya kina, vingine vya juu juu, na nafasi baina yao haikulingana hata mara moja.

Mtu mwingine angelichukua lile jambo la kwanza akajiulizia nalo lile la pili. Nukta alichukua lile la pili peke yake. "Kumbe na yeye patasi ilikuwa inamruka," aliwaza, na wazo hilo lilimpa raha asiyotaka kuitazama usoni. Fundi Miguu, aliyeona neno "nzuri" ni zito mno kwa sindano ya mwanawe, alikuwa akifanyia kazi kwenye chuma kilichobonyea kama barabara ya mtaani. Akakibana kwenye jiliwa, akachukua tupa.

Alikuwa amepiga tupa mara nne tano hivi dada yake alipotokea mlangoni na kikombe cha chai. Hakuingia ndani, sharti ni sharti.

"Kaka, hicho chuma..."

"Hiki chuma kimeoza. Tazama mashimo haya."

"Hakijaoza. Mimi ndiye ninayekipaka mafuta kila Jumamosi. Baba ana—"

"Asante kwa mafuta. Weka chai hapo."

"Kaka, nisikilize. Muulize Baba kwanza kabla hujakigusa hicho."

"Nimuulize mtu asiyeona juu ya kitu ninachokiona?" Nukta hakusimamisha tupa. "Bibie, mimi sijaja kukufundisha kushona mifuko ya kaptura. Nawe usinifundishe chuma."

Dada alitazama tupa ikienda, kikombe mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mtu wa maneno machache akikatizwa mara mbili haongezi la tatu. Akaweka chai juu ya tofali, akarudi kwenye cherehani yake. Nukta alisikia pedali ikianza, akaona amemshinda.

Siku mbili alipiga tupa. Kina cha vile vishimo si mchezo, ilibidi chuma chote kishushwe mpaka usawa wa shimo la chini kabisa. Alipoona kimekaribia, alipaka wino wa buluu juu ya kioo, akakilaza chuma juu ya kioo, akakinyanyua atazame wino umeshika wapi; penye wino ni mlima, akaukwangua, akalaza tena. Bado nukta. Akakwangua, akalaza. Mwisho wino ulishika pote, sawasawa, toka ncha hadi ncha, na ukipitisha kidole ulikuwa hukutani na kitu.

Mchana wa siku ile ya pili, wakila, mzee aliinamisha kichwa upande kama anayesikiliza mvua ya mbali.

"Nasikia tupa tangu jana. Unapiga nini?"

Dada aliacha kutafuna.

"Kutu, Baba," alisema Nukta. "Kutu tu."

Aliona ni uongo mdogo, wa kulinda zawadi isijulikane kabla ya siku yake. Mzee akarudi kwenye sahani yake, na dada akatazama ukutani.

Siku ya kuiwasha ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Walimwalika seremala wa barabara ya pili, ambaye kwa miaka mingi alinunua miguu ya vitanda kwa mzee. Watu wanamwita Msumari kwa urefu na wembamba wake, na kichwa chake ni kidogo kweli. Alikuja na kipande cha mbao ngumu kilichokatwa pembe nne. Dada alimvalisha baba aproni yake ya kazi, aliyoifua na kuipiga pasi, akamwongoza mpaka bandani, kisha akasimama nyuma karibu na mlango.

Mzee aliisalimia mashine kwa mikono. Alianzia kichwani, akashuka kwenye puli, akaushika mkanda kati ya vidole viwili, akapita juu ya reli zile laini mwendo mrefu. Alizungusha gurudumu la nyuma, akasikia linavyokwenda bila kukwaruza. Akapata sindano, ile ya miaka ile. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na Nukta, mtu mzima mwenye cheti, alisimama pale roho mkononi.

"Iwashe."

Mota ikaitika, mkanda ukashika, na mashine ikazunguka kwa sauti moja nene isiyotetemeka.

"Inaimba," alisema mzee.

Alifunga mbao mwenyewe. Akasogeza chuma cha kuegemezea karibu, akakaza kwa wenzo bila kukigusa ukingoni, akachukua patasi kubwa. Msumari alirudi nyuma hatua mbili kwa hofu, haki yake, maana mtu asiyeona alikuwa akiinamia mbao inayokimbia. Lakini patasi ilikaa mbaoni kama iliyozaliwa hapo. Maranda yakaruka, yakamfunika mzee kifua na ndevu, pembe nne zikaisha, na mbao ikawa mviringo safi. Msumari akapiga makofi. Dada alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga yake.

Ndipo mzee akabadilisha patasi, akachukua ile nyembamba, ya kuchora pete na shingo za mguu. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kikapanda juu ya ukingo wa chuma, kikaanza kwenda.

Kilikwenda mpaka mwisho. Kikarudi. Kikaenda tena, polepole zaidi. Kisha mzee akaweka patasi chini, akatumia vidole vyote, na mikono yote miwili.

"Zima."

Nukta akazima. Mkanda uligota, kukawa kimya.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani, Fundi?" aliuliza Msumari.

"Za kidole. Zilikuwa kumi na moja." Mzee aliendelea kupapasa. "Kidole kikisimama hapa, pete. Hapa, shingo. Hapa tumbo linaanza, hapa linaisha. Wewe ulidhani nilikuwa nakukerezea kwa nini, kwa harufu?"

"Fundi, kwani... ile miguu ya kitanda cha binti yangu, alipoolewa?"

"Sikuwa naona hata mkono wangu mwenyewe. Miaka sita nilikereza hivyo. Huyu binti yangu peke yake ndiye aliyejua. Kilichonisimamisha ni mota kuungua, siyo macho." Akageuka, uso ukitafuta. "Nani kapitisha tupa hapa?"

Neno lilikuwa moja tu, "mimi," dogo kuliko skrubu zote alizofungua. Nukta alilitafuta ulimini, akalikuta, akalishika. Na papo hapo akaona: akilitoa, lile jingine alilolingojea miaka thelathini na zaidi halitakuja kamwe.

"Mama, ni wewe?" Mzee alielekeza uso mlangoni. "Ulipoona kaka yako anasugua kila kitu, ukaona nawe usugue? Nilikwambia mafuta tu. Mara ngapi nilikwambia, mafuta tu?"

Dada hakumtazama baba. Alimtazama kaka yake, na akamngoja. Hakukunja uso, hakumfinyia jicho; alimngoja tu, kwa muda wa kutosha mtu kusema sentensi mbili ndefu. Nukta aliinua tambara, akaanza kujipangusa vidole ambavyo vilikuwa safi.

"Kaka yako asingefanya hivi," alisema mzee. "Huyu ni fundi. Fundi akikuta alama kwenye kifaa cha mwenziwe huuliza."

"Nisamehe, Baba," alisema dada.

Sauti yake haikuyumba. Mzee alitikisa kichwa mara nyingi, mikono imelala juu ya kile chuma kilichonyooka. Kisha, kwa taabu, kama anayejilazimisha kuwatendea haki watu wote waliopo, alimgeukia mwanawe.

"Lakini mashine, mwanangu. Mashine yenyewe. Nimeipapasa yote. Mota, puli, reli... Kazi nzuri. Kazi nzuri sana. Msumari, wewe ni shahidi yangu."

"Nimeona mwenyewe, Fundi," alisema Msumari.

Likawa limekuja. Nukta alisema, "Asante, Baba," na alipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Hakukaa bure, tusimpunje. Mchana ule ule alifungua mguu wa kiti cha zamani, kazi ya mzee, akaupima kwa kipimo chake chenye taya, pete kwa pete, akaandika namba. Akachukua tupa ya duara, akachimba vishimo kumi na kimoja vipya juu ya chuma, kila kimoja pale hasa namba ilipomtuma. Safari hii hapakuwa na nukta iliyobaki. Asubuhi yake alimleta baba, na mzee akajaribu. Kidole kilisimama, patasi ikaingia. Pete ikakaa palipotakiwa shingo. Akajaribu cha pili. Patasi ikauma vibaya, ikaruka, na mguu wa mbao ukapasuka kwa mlio uliomfanya Msumari, aliyekuwa njiani akija, akimbilie ndani.

"Umevipimaje?" aliuliza mzee.

"Kwa mguu wa kiti chako, Baba. Ni sahihi kabisa."

"Ndiyo maana. Umepima mguu. Kidole changu hakikai pale patasi inapokula, kinakaa pembeni, na kila umbo na upembeni wake. Nilivichimba kimoja kimoja wakati bado naona kidogo, nikijua ninakokwenda. Sasa siwezi kuvichimba, maana sioni nilichokata, na wewe huwezi, maana mkono si wako." Hakusema kwa hasira. Alifungua kamba za aproni kiunoni, akaivua, akainyoosha hewani bila kujua yuko nani wa kuipokea. Msumari ndiye aliyeipokea.

Nukta alimfuata dada yake sebuleni. Alikuwa akishona, na hakusimamisha pedali.

"Nitamwambia," alisema Nukta.

"Mwambie."

"Nitamwambia leo leo. Jana nilishikwa na... neno liligoma."

"Kwangu halikugoma," alisema dada. "Siku ile mlangoni lilikutoka vizuri tu."

"Kwa nini ulikubali? Ungenisema. Mimi ningekasirika, lakini ungenisema."

Pedali ikasimama. Dada aligeuza kaptura, akakata uzi kwa meno, na alipoongea alikuwa anatazama barazani, penye mgongo wa mzee.

"Usijipe sifa, sikukusitiri wewe. Mota ilipoungua nilimletea mafundi watatu. Wote aliwafukuza. Alisema mwenye mkono wa kuitengeneza yupo, akistaafu atakuja. Miaka minne amekaa pale hana kazi, anakungoja wewe. Kila mgeni alisomewa habari za ile sindano yako, mpaka mimi nikaichukia. Nikamwambia, Baba, si umwambie mwenyewe? Akasema aliondoka akiwa amekasirika, nikimsifu ataona namrudisha nyumbani kwa ujanja." Alichukua kaptura nyingine. "Jana hilo neno la sifa lilikuwa limemfika mdomoni. Mimi ni nani nimkate mdomo? Nimemwachia aliseme. Wewe limekuingia kwa bahati tu."

Nukta alisimama pale. Alitaka kukaa, lakini kiti cha pili kilikuwa kimejaa sare zilizokunjwa, na dada yake hakuzisogeza.

Hakumwambia siku ile. Siku ya pili mzee alikuwa na mafua. Siku ya tatu Msumari alikuwepo. Juma la pili Nukta aliona kwamba sasa angelazimika kueleza si tupa tu, bali na siku zote alizokaa kimya, na kila siku iliyopita iliongeza uzito wa mzigo. Dada aliendelea kumwekea chakula, kumwamkia asubuhi, kumfulia. Ila hakumwita tena kaka. Alisema "wewe", au alimngoja ageuke mwenyewe ndipo amwambie la kumwambia.

Mzee, kwa upande wake, alipata desturi mpya. Kila baada ya chakula cha mchana alishika bakora, akapapasa ukuta mpaka bandani, akakaa kwenye benchi. "Iwashe," alisema. Nukta aliiwasha, na mashine ikazunguka tupu, bila mbao, bila patasi, kwa ile sauti yake nene. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa, maana kufumba kulimsaidia hata hivyo. Akija mgeni, alimketisha hapo na kumwambia, "Sikia. Kijana wangu huyu. Kazi nzuri, sivyo?" Na mgeni alisema ndivyo, na Nukta alisimama karibu na swichi akisikia lile neno likija tena na tena, kila siku, zaidi ya alivyowahi kuliomba.

Siku moja hapakuwa na mgeni. Mzee alisikiliza mpaka akachoka, akainua mkono kumwashiria Nukta azime, naye akazima. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika cherehani, ikienda, ikisimama, ikienda. Mzee akamvuta mwanawe mkono, akamketisha karibu yake kwenye benchi, akashusha sauti ili isifike sebuleni.

"Nina jambo nataka kukuomba," alisema. "Naona hamzungumzi, wewe na dada yako. Siwaoni, lakini nasikia. Usimwekee moyoni, mwanangu. Najua ameiharibu kazi yako, na wewe ni mtu wa kazi, inauma. Lakini hakukusudia. Alitaka kusaidia tu. Msamehe."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Nimekwisha kumsamehe, Baba," alisema Nukta.